“Ni mshipa tu”: Neno linaloficha kano

Katika Kiswahili tunachozungumza kila siku, mshipa ni neno lililotwishwa mzigo unaozidi uwezo wake. Damu hupita ndani ya mshipa. Anayeamka shingo ikiwa imekakamaa huambiwa mshipa umeshtuka. Mwenye ngiri naye husemekana ana mshipa, na hapo sauti hushushwa kidogo. Daktari akitaka kutaja neva huongeza maelezo, akasema mshipa wa fahamu. Na mchezaji akianguka uwanjani akashika goti, watazamaji huwa wameshatoa uamuzi hata kabla mtu wa huduma ya kwanza hajafika: “Huyo ni mshipa.”

Hebu tuhesabu. Mrija unaopitisha damu, uzi unaopeleka habari kwenye ubongo, utumbo uliochomoza mahali pasipofaa, kamba inayounganisha msuli na mfupa, na kamba inayounganisha mfupa na mfupa. Vitu vitano visivyofanana hata kidogo, neno moja. Sisi tuliozaliwa huku Tawa, kwenye milima ya Mbooni kaunti ya Makueni, hatuna la kujivunia mbele ya Waswahili, kwa sababu mukiva wetu wa Kikamba hubeba mzigo uo huo bila kulalamika.

Wasomaji watauliza: kwani kuna ubaya gani? Lugha nyingi zina maneno ya aina hiyo, na watu huelewana. Ni kweli. Lakini nimekuwa nikitazama kwa miaka kadhaa yanayowapata watu wa kwetu wanapoumia magoti na vifundo vya miguu, na nimeshawishika kwamba neno hili, pamoja na mwenzake teguka, ambaye nitamjia baadaye, huamua ni mikono gani itakayomshika mgonjwa na itamfanya nini.

Leo nazungumzia ile kamba ya tano, ya mfupa kwa mfupa. Wataalamu huiita ligamenti, neno lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga. Kiswahili kina neno lake la zamani: kano. Shida ni kwamba kano hutumika pia kwa ile kamba ya nne, inayoshika msuli kwenye mfupa, ambayo vitabu vya sayansi huiita tendoni. Nitaomba ruhusa ya kutumia kano kwa ligamenti peke yake katika makala haya, na tendoni kwa ile nyingine. Sababu nitaitoa mwishoni.

Tofauti yake si ya kitabuni. Msuli huvuta, na tendoni hupitisha mvuto huo hadi kwenye mfupa ili mfupa usogee. Kano haivuti chochote. Kazi yake ni kuzuia: inauruhusu mfupa uende upande huu na kuukataza kwenda ule. Goti lako linakunjika nyuma na halikunjiki mbele, wala halipindi pembeni kama mlango, kwa sababu kuna kano zilizokaa pande zote zikisema hapana. Kiungo kisicho na kano si kiungo; ni mifupa miwili iliyokutana.

Ukitaka kuiona kano kwa macho, usiende chuo kikuu. Nenda kwenye bucha yoyote sokoni Tawa uombe nyama ya shingo ya ng’ombe. Ndani yake kuna ukanda mnene wa rangi ya manjano, unaovutika kama mpira, ambao mwenye bucha huukata na kuutupia mbwa, kwa sababu hata ukiuchemsha kutwa nzima haulainiki. Ile ni kano ya kisogo. Ndiyo humsaidia ng’ombe kuinua kile kichwa chake kizito kila anapomaliza kula nyasi, bila kuchosha misuli. Sehemu kubwa ya kano hiyo ni protini iitwayo elastini, na elastini haijali moto wa kuni. Binadamu naye anayo, ndogo, nyuma ya shingo. Sokwe hana. Mwaka 2004 wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika katika jarida la Nature kwamba huenda kano hii ni mojawapo ya alama za mnyama aliyeumbika kukimbia mbio ndefu, kwa vile huzuia kichwa kisitikisike mbele kila mguu unapogonga chini. Hoja hiyo ina wapinzani wake, ila ni hoja inayompendeza Mkenya yeyote.

Kano nyingi za mwili wetu, hata hivyo, si za manjano. Ni nyeupe, na zimejengwa kwa kolajeni. Kolajeni ikichemshwa muda mrefu huyeyuka na kuwa jelatini, na ndiyo maana supu ya miguu ya ng’ombe ikipoa huganda. Hapa niseme jambo moja kwa wapenzi wa supu, nami nikiwa mmoja wao. Imani kwamba kolajeni ya kwenye bakuli huenda moja kwa moja kwenye goti la mnywaji haina msingi. Tumbo huivunja kama linavyovunja maharagwe, na mwili hujenga unachotaka kwa vipande hivyo. Kunyweni supu kwa utamu wake.

Namna kolajeni ilivyopangwa ndani ya kano, hakuna anayeweza kuielewa haraka kuliko mtu aliyewahi kusokota katani. Unachukua jani la mkonge, unaparua nyama ya kijani, zinabaki nyuzi. Uzi mmoja unaukata kwa mkono. Nyuzi kadhaa ukizisokota pajani zinakuwa ugwe, gwe kadhaa zinakuwa kamba, na kamba hiyo hufunga fahali. (Kamba hii haina uhusiano na Mkamba. Mzaha huo nimeusikia tangu shule ya msingi na haujawahi kunichekesha.) Kano nayo ni hivyo hivyo: nyuzi ndogo ndani ya nyuzi kubwa ndani ya mafungu, karibu zote zikielekea upande mmoja. Na nyuzi hizo hazikunyooka kabisa. Zina mawimbi madogo, kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Ukianza kuivuta kano, mawimbi hunyooka kwanza, kwa ulaini, halafu ghafla inakaza. Ndiyo maana kiungo chenye afya husogea bila kukwama na bado kina mpaka.

Nguvu yake inashangaza. Watafiti waliojaribu kano ya ndani ya goti, iliyotolewa kwa vijana waliofariki, walikuta kwamba hukatika kwa nguvu ya nyutoni 2,000 hivi, sawa na kuning’iniza kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 na debe moja juu yake, kwenye kamba isiyozidi unene wa kidole. Kwa waliopita miaka 60 nguvu hiyo hushuka hadi chini ya nusu. Lakini ina udhaifu wake: haipendi kurefushwa. Ikivutwa kupita sehemu chache tu katika mia ya urefu wake, nyuzi zinaanza kukatika moja moja. Na iliyorefuka kupita kiasi hairudi ilivyokuwa, sawa na kamba ya kuanikia nguo iliyolegea.

Kazi za kano ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, nami sitazimaliza. Jino halikugandishwa kwenye taya kwa saruji. Linaning’inia katika kano ndogo ndogo, na ndizo zinazokujulisha papo hapo kwamba kwenye githeri mna kijiwe. Mwanamke akiwa mjamzito, homoni zake hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, na mama wengi wanaolalamika kwamba nyonga “zinaachana” hawatii chumvi. Upinde wa wayo hushikiliwa na kano kwa sehemu kubwa.

Kano yenye nguvu kuliko zote iko mbele ya nyonga. Ina umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na jina la Henry Bigelow, daktari mpasuaji wa Boston wa karne ya 19, limeambatana nayo hadi leo. Ukisimama wima, uzito wa kiwiliwili huangukia nyuma kidogo ya kiungo cha nyonga, kwa hiyo mwili hutaka kupinduka kinyumenyume. Kano hiyo hukaza na kukataa. Kwa sababu yake unaweza kusimama saa mbili kwenye foleni ya kura, ukiwa umelegeza misuli na kuzungumza na jirani, na usianguke. Ungetegemea misuli pekee, ungeshachoka kabla karani hajafungua daftari.

Na kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha, siwezi kuiacha kano ya sauti. Ndani ya kila uzi wa sauti katika koo, chini ya utando wake laini, mna kano. Tunapopandisha sauti ni kano hiyo inayobeba mvuto, kama waya wa gitaa. Mtoto mchanga huzaliwa bila hiyo. Huanza kuonekana kati ya umri wa mwaka mmoja na minne, na hukomaa baada ya kubalehe. Maana yake, kilio cha kwanza cha binadamu hakihitaji kano, ila mwimbaji wa kwaya anayeshikilia noti ya juu mpaka waumini wakaanza kutazamana anaihitaji sana.

Jambo la mwisho katika orodha yangu ndilo wengi hawalijui. Kano zina hisia. Ndani yake mna vijidude vya neva vinavyoueleza ubongo, kila mara, kiungo kimekunjika kiasi gani na kinavutwa upande gani. Funga macho usimame kwa mguu mmoja: utahisi kifundo kikijirekebisha kushoto na kulia bila kuamriwa. Habari hizo zinatoka kwenye kano na kwenye misuli na tendoni. Sasa mtu aliyechanika kano ya kifundo hupoteza kamba na mjumbe kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu aliyeumia mara moja huumia tena mguu uleule. Watu husema mguu wake “umezoea”. Haukuzoea lolote. Ulinyamaziwa.

Tumfikie sasa teguka.

Kiswahili kina tabia nzuri ya kugeuza kitenzi kinyumenyume. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tata, tatua. Na tega huzaa tegua: mtego uliotegwa unateguliwa, kitendawili kilichotegwa kinateguliwa, bomu vivyo hivyo. Kwa hiyo mguu ulioteguka, kwa mantiki ya neno lenyewe, ni mguu uliokuwa umetegwa vizuri mahali pake, kisha ukatoka. Na kilichotoka mahali pake dawa yake ni moja: kirudishwe. Kivutwe, kizungushwe, kisukumwe, hadi kilie “ko!” na kila mtu apumue.

Neno hili linafaa kabisa pale mfupa unapotoka kwenye kikombe chake, kama bega linavyofanya. Hapo kweli kuna kitu cha kurudisha, na kinahitaji mtu anayejua. Lakini tunalitumia neno lilelile kwa kifundo kilichopinda mtu alipokanyaga shimo. Na kwenye kifundo hicho, mara nyingi sana, hakuna kitu kilichotoka. Mifupa yote iko palepale. Kilichotokea ni kwamba nyuzi za kano ya upande wa nje zimekatika, chache au zote. Kamba iliyokatika nyuzi haitibiwi kwa kuvutwa. Ukiivuta unamalizia zilizobaki.

Mama yangu mdogo aliteleza kwenye matuta ya shamba lake, mvua za Novemba zikiwa zimelainisha udongo, mgongoni akiwa na mtungi wa lita 20 ulioshikiliwa na mukwa, ule ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mguu ulikwama chini ya tuta, mwili ukageuka pamoja na mtungi. Alisikia kitu kikilia “pa!” ndani ya goti. Kufikia jioni goti lilikuwa kama papai. Walimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, akapigwa eksirei, picha ikatazamwa juu ya taa, akaambiwa ashukuru Mungu hakuvunjika. Nilipompigia simu nilimuuliza, “Mama, wamesemaje?” Akanijibu kwa furaha: “Ni mshipa tu, mwanangu.”

Lile “tu” ndilo lililoleta matatizo. Eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani ndani yake isipokuwa imeng’oka na kipande cha mfupa. Picha safi haikumaanisha goti salama. Ilimaanisha mifupa mizima, basi. Lakini kwa kuwa alishaambiwa ni mshipa, na mshipa ulioteguka una wenyewe, kesho yake aliletewa mkandaji, mama mmoja anayeheshimika sana na ambaye, kusema haki, amezirudisha bega nyingi. Alimkanda kwa maji moto na mafuta siku tatu mfululizo, akilivuta goti. Uvimbe ulizidi. Baada ya mwezi maumivu yalipungua, akarudi shambani, na hapo ndipo goti lilipoanza kumwacha. Akishuka mteremko, ghafla goti linaponyoka kama halikuwa lake. Mbooni ni milima. Mtu asiyeweza kushuka mteremko hawezi kwenda sokoni, kanisani wala kisimani. Katika Kiswahili kutawa ni kujifungia ndani ya nyumba. Mama mdogo alitawa Tawa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama herufi X, ndiyo maana zinaitwa kano za msalaba. Ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele chini ya mfupa wa paja, na huzuia goti lisizunguke kupita kiasi. Wayo ukiwa umekwama na mwili ukigeuka, ndiyo inayokatika. Dalili zake zinafanana dunia nzima: mlio, uvimbe ndani ya saa chache kwa sababu kiungo kinajaa damu, halafu, wiki kadhaa baadaye, goti linaloponyoka. La kupotosha zaidi ni kwamba kano iliyokatika kabisa inaweza kuuma kidogo kuliko iliyokatika nusu. Maumivu yakiisha, mtu hudhani amepona.

Tunaifahamu kano hii kupitia kwa wanasoka. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia goti tarehe 17 Oktoba 2020 dhidi ya Everton, akafanyiwa upasuaji, na hakucheza tena msimu ule; vijana wa mabanda yetu ya kuonyeshea mpira waliijadili kano yake kama mali ya urithi. Lakini mgonjwa wa kwanza kuandikwa katika historia kuwa alishonwa kano za msalaba hakuwa mwanasoka. Alikuwa mchimba makaa wa Uingereza, mwenye umri wa miaka 41, aliyepasuliwa na daktari Mayo Robson mjini Leeds mwaka 1895. Mtu wa kazi ya sulubu, kama mama yangu mdogo. Sijui ni lini tuliamua kwamba kano ni ugonjwa wa vijana wenye jezi.

Si kano zote zinazoponea njia moja, na hili ni muhimu. Ile ya upande wa ndani wa goti, iliyo nje ya kiungo chenyewe, ikikatika huganda damu, ikaota kovu, na kwa kawaida hushikana bila kisu. Ya msalaba imezungukwa na ute unaolainisha kiungo, na ute huo huisafisha damu kabla haijaganda, kwa hiyo ncha mbili mara nyingi hazipati daraja la kukutania. Ndipo wapasuaji huchukua tendoni kutoka mahali pengine mwilini na kutengeneza kano mpya.

Je, asiyeweza kulipia upasuaji ndiyo basi? Hapana. Nchini Uswidi kulifanyika utafiti ambao, kwa bahati inayomfurahisha mtu wa maneno, uliitwa KANON. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliokatika kano ya msalaba ya mbele, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. La pili, la watu 59, lilianza na mazoezi tu, na upasuaji baadaye kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa sawa kwa maumivu na kwa uwezo wa kutumia goti, na katika lile la pili ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Misuli ya paja iliyoimarishwa na mwili uliofunzwa upya kupokea habari uliweza kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya kano. Si kila goti litakubali, hasa gegedu nalo likiwa limepasuka, na anayeishi kwa kucheza soka ana mahitaji yake. Lakini mazoezi ya kupanda ngazi, kuchuchumaa kwa kipimo na kusimama kwa mguu mmoja hayahitaji mashine. Yanahitaji mtaalamu wa fiziotherapia wa kukuanzisha, na miezi ya subira.

Kinachotisha ni kutofanya lolote. Karibu nusu ya wanaoumia kano ya msalaba au gegedu la goti huwa na goti lililochakaa baada ya miaka 10 hadi 20. Msichana anayeumia kwenye netiboli kidato cha pili anaweza kuwa na goti la bibi yake kabla ya kufika miaka 40. Na wasichana hukatika kano hiyo zaidi ya mara mbili ya wavulana katika mchezo uleule.

Kwa kifundo cha mguu, ambacho ndicho kinachoumia mara nyingi zaidi, kuna kipimo rahisi ambacho kila mwalimu wa michezo na kila mwendesha boda angefaa kukijua. Kilitungwa Kanada mwaka 1992 na Ian Stiell na wenzake, kikaitwa Kanuni za Ottawa. Mtu wa Tawa hana kisingizio cha kulisahau jina hilo. Kwa ufupi: bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya kile kifupa kinachochomoza kila upande wa kifundo. Kisha mwulize aliyeumia kama aliweza kupiga hatua nne mara tu alipoumia, na kama anaweza sasa, kuchechemea kunahesabika. Ikiwa mfupa hauumi ukibonyezwa na hatua nne zinawezekana, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Ikiwa mfupa unauma au hatua hazipigiki, eksirei inahitajika. Kuna vifupa viwili vya wayo vinavyokaguliwa pia, ambavyo muuguzi atakuonyesha kwa dakika moja.

Na siku mbili tatu za kwanza? Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alibadili msimamo kuhusu barafu na kulala kitandani kwa muda mrefu, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya uponaji, na kano inayopona huhitaji kusogezwa taratibu ili nyuzi mpya zijipange upande unaotakiwa. Barafu yenyewe huku kwetu ni hadithi ya mjini, hivyo hatukupoteza mengi. Kitambaa cha maji baridi hupunguza maumivu vya kutosha. Yasiyobadilika ni haya: usikande kwa nguvu siku za mwanzo, usitie maji moto juu ya uvimbe mpya, usimruhusu mtu avute. Funga bendeji isiyokaba, inua mguu, na anza kuukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Mama yangu mdogo alipata mtaalamu wa mazoezi baada ya mwaka na miezi. Anashuka mteremko sasa, kwa fimbo, na mtungi umehamia kwa punda. Nilipomweleza kilichokatika alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe ina jina.”

Ina jina, na ndiyo sababu nilianza na ombi langu la istilahi. Ukifungua kamusi unakutana na kano na ukano, na matumizi ya vitabu hayafanani. Kwa walimu ambao huniandikia kuhusu ngeli: kano, kama nomino ya I-ZI, haibadiliki katika wingi (kano hii imechanika, kano hizi zimechanika). Ukano ni U-ZI (ukano huu umechanika), lakini wingi wake nao ni kano. Kwa hiyo tukisema ukano ni tendoni na kano ni ligamenti, kama wengine wanavyopendekeza, tofauti yote inayeyuka mara tu tunapotaja mbili. Daktari anayeandika “kano zimechanika” atakuwa amesema nini? Ndipo nikachagua kano kwa mfupa na mfupa, na tendoni kwa msuli na mfupa, hata kama tendoni ni mgeni kutoka mbali. Na kwa kitenzi, teguka nibakizie bega lililotoka kwenye kikombe chake. Kifundo kilichokanyaga shimo, semeni kano yake imechanika, ili mkandaji naye aulize kwanza kama kuna kitu cha kurudisha.